Nimealikwa msitu wa Superior kule Minnesota mwezi wa nane, mi mtu wa bahari Tanga, naombeni muongozo

Kijana_wa_Sahare

Habari za humu wakuu, na assalam alaykum kwa wanaohusika. Mi nipo Tanga, Sahare, mzee wangu mvuvi kwa hiyo mtumbwi na ngalawa nimekulia humo humo. Dada yangu ameolewa anaishi Duluth, Minnesota, na safari hii viza imetoka alhamdulillah, naenda mwezi wa nane. Sasa shemeji (yeye mzaliwa wa kule) keshapanga atupeleke mimi na dada na watoto wao wawili, mmoja ana miaka tisa mwingine sita, tukalale siku kadhaa kwenye msitu wao mkubwa unaitwa Superior National Forest, upande wa mpakani na Kanada wanapouita Boundary Waters, tunapiga kafi mchana usiku tunalala kwenye mahema. Dada mwenyewe hajawahi kwenda na anaogopa, kila siku ananitumia voisi ananiambia kaka kule kuna dubu na mbwa mwitu.

Nnachotaka kujua, wanyama mtu anawaona kweli? Maana Mikumi nishaenda na shule na Saadani napajua, sasa sijui ndo vile vile. Na hao dubu wakoje, tunahitaji muongoza njia au askari mwenye bunduki wa kutembea nae? Alafu mimi kama mtu wa mtumbwi uzoefu wangu utanisaidia au kule mambo ni mengine kabisa. Mliowahi kufika niambieni ukweli, hata kama ni wa kutisha niambieni, kuna watoto kwenye hii safari.

Kafi_Mbili

Waalaykum salaam mdogo wangu. Duluth nimeishi wakati nasoma na huo msitu ndo ulikuwa mapumziko yangu kila nikipata nafasi, ntaandika kirefu univumilie.

Kwanza jua unaenda wapi. Superior ni msitu wa serikali kuu ya Marekani, ulitangazwa 1909 wakati wa Rais Theodore Roosevelt, na ukubwa wake ni zaidi ya ekari milioni 3, yani unakaribia nusu ya mkoa wetu wa Tanga wote ukijumlisha Handeni, Kilindi, Lushoto, Korogwe mpaka Mkinga. Ni msitu wa umma, na sehemu kubwa hukuti geti wala kiingilio, unaenda na gari yako unapaki unaingia. Ila ile sehemu ya mitumbwi mnayoenda nyie ina sheria yake. Ni kama ekari milioni 1 na kitu zimefuata mpaka wa Kanada kwa kilomita kama 240, Sheria ya Nyika ya 1964 iliihusu na 1978 ikatungiwa sheria ya kwake, kwa hiyo ukishaingia humo hamna barabara, hamna umeme, hamna duka, na injini ya boti inaruhusiwa kwenye maziwa machache tu ya pembeni. Maziwa yenyewe yanapita 1,100. Unapiga kafi ziwa hili mpaka mwisho wake, unatoka majini, unabeba mtumbwi mabegani unapita njia ya msituni mpaka ziwa linalofuata, unaingia tena. Ndo maisha ya siku nzima.

Askari wa kutembea nae hamna na hutahitaji. Kuna waongoza njia wa kukodi kama unataka lakini watu wengi wanaenda wenyewe na ramani na dira, na hapo ndo nataka ukae vizuri, kwa sababu kule hakuna mtu anakuja kukuangalia jioni kama umefika. Simu sehemu kubwa haishiki. Shemeji yako aazime au akodi kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na nyumbani abaki mtu anajua mmeingilia wapi na mnatoka siku gani. Hili msilifanyie mzaha.

Sasa dubu. Dubu wa kule ni dubu weusi, sio wale wakubwa wa kahawia unaowaona kwenye video. Mara nyingi akikusikia anaondoka zake kabla hujamuona. Anachokitaka ni chakula chako, basi, kwa hiyo usalama wako na wake uko kwenye namna unavyotunza chakula. Na siku hizi ni amri, kuanzia Aprili mpaka Novemba chakula chote na takataka zote na kitu chochote chenye harufu, mpaka dawa ya meno na sabuni, lazima kiwe ndani ya kontena gumu lililothibitishwa kwamba dubu hawezi kulifungua, au kining'inizwe mita kama 4 juu toka chini na mita 2 hivi mbali na shina. Kwenye hema hauingii hata na pipi. Dubu akishajua kambi fulani ina chakula anarudi kila siku na mwisho wake anauliwa, kwa hiyo mtu mzembe na mfuko wake wa chakula ndo anaua dubu, naomba watoto waelezwe hivyo na wataelewa.

Mbwa mwitu wa kijivu (wolf kwa Kiingereza, sio hawa mbwa mwitu wa mbuga zetu) wapo na ni wengi, Minnesota nzima wanakadiriwa kuwa zaidi ya 2,500, na ni jimbo pekee kati ya yale 48 yaliyoungana (ukitoa Alaska na Hawaii) ambalo hawakuwahi kumalizwa kabisa kwenye ardhi yake ya bara, sehemu zingine zote walipigwa na kutegwa sumu wakaisha na baadae wakaanza kurudishwa au kurudi wenyewe. Hao utawasikia kuliko kuwaona. Wanamuogopa binadamu. Usiku ukiwasikia wanalia ng'ambo ya ziwa mwambie dada yako asikilize tu, watu wanatoka nchi za mbali kuja kutafuta hiyo sauti.

Kitu cha kuogopa kule ni maji. Nitarudi jioni niandike hilo, nipo kazini.

Bwana_Saadani

Mkuu mi naona bora umwambie shemeji yako aje yeye Tanga. Hapa Pangani mpaka Saadani huo mwendo sio mkubwa na utaona tembo, twiga, nyati, kiboko na mamba mtoni Wami na simba ukibahatika, na bahari hiyo hapo, kitu ambacho duniani hukipati kirahisi. Sasa unaenda kubeba mtumbwi kichwani msituni wiki nzima unarudi hujaona mnyama. Na kingine nimesoma huo msitu wanawinda na kukata miti humo humo, sasa hiyo hifadhi ya namna gani?

Kijana_wa_Sahare

Shemeji atakuja inshallah tushakubaliana mwakani, na Saadani ntampeleka. Ila hilo la kuwinda na mimi limenishangaza, Kafi_Mbili au mwingine anayejua atusaidie. @Kafi_Mbili nasubiri habari ya maji.

Msambaa_wa_Muheza

Naomba niingie hapa kwa sababu kazi yangu ni kutembeza wageni Amani, miaka mingi sasa.

Bwana_Saadani kaka yangu, msitu sio mbuga. Mbugani upo kwenye gari, nyasi fupi, macho yanafika mbali, mnyama ameshazoea gari. Msituni macho yanafika hatua ishirini, thelathini, basi. Wageni wengi wanaokuja Amani wakitoka Serengeti siku ya kwanza wanalalamika hawaoni kitu na wakati huo huo wamepita chini ya mbega watano wamekaa juu yao wanawaangalia. Ukitaka kuona msituni lazima usimame. Nyamaza, simama, acha dakika ziende, ndo utaona hondohondo anatua, ndo utaona kinyonga wa pembe tatu kwenye tawi ulilotaka kulishika. Sijafika Minnesota lakini msitu ni msitu, anayetembea anaongea na muziki kwenye simu atatoka hajaona kitu kokote duniani.

Kwa hiyo kijana ushauri wangu, kabla hujapanda ndege njoo Amani. Panda gari mpaka Muheza, pale unapata ya kupanda juu. Sisi watu wa Tanga mjini tunakunywa maji ya Zigi kila siku, yanatoka milimani huku kwetu yanaingia bwawa la Mabayani yanakuja mabombani kwenu, alafu mtu anamaliza miaka arobaini hajawahi kuuona msitu wenyewe unaomnywesha. Inaniuma sana hiyo. Mzungu anatoka Ujerumani na kitabu mkononi anatafuta ndege mmoja tu mdogo wa Usambara Mashariki, na mtoto wa Chumbageni hajui kama kapo. Njoo utembee siku mbili, ujifunze kukaa kimya, ujifunze kusoma kinyesi na nyayo na majani yaliyotafunwa. Huko uendako itakusaidia kuliko kamera.

Kuhusu kuwinda na kukata miti, hata hapa kwetu tunayo hiyo tofauti. Hifadhi ya taifa ina sheria zake chini ya TANAPA, na hifadhi ya msitu ina zake chini ya TFS, wakala wa misitu. Kuna misitu ya serikali ya kuvuna na kuna ya kutunza kabisa, Amani tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia na huwezi kukata hata mti mmoja.

Kafi_Mbili

Msambaa umemaliza, na kule ni hivyo hivyo. Hifadhi za taifa za Marekani ziko Wizara ya Mambo ya Ndani yao, misitu ya taifa iko Wizara ya Kilimo, tangu mwanzo ilianzishwa kwa ajili ya mbao na maji na malisho na baadae ikaongezwa matembezi na wanyama. Kwa hiyo ndani ya Superior kuna sehemu wanavuna miti kwa mpango, kuna uwindaji wa swala kwa leseni, wakati wa theluji kuna watu wa mashine za theluji na watu wa sledi za mbwa. Hiyo Boundary Waters ndo hawakati. Kila mtu ana kipande chake na wanagombana kweli kweli, mgodi huu uruhusiwe usiruhusiwe, injini ziwa hili ziruhusiwe zisiruhusiwe, toka enzi hizo mpaka leo. Na wenyeji wa asili, Waojibwe, wana mkataba wa 1854 ambao umewaachia haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna kwenye hiyo ardhi, pamoja na mpunga wa porini unaoota wenyewe maziwani, mwishoni mwa mwezi wa nane wanaingia na mitumbwi wanaupiga na vijiti unadondokea ndani. Ukiwaona wanavuna usiwasogelee na mtumbwi wako ukawavurugia.

Haya, maji. We ni mtoto wa mvuvi na ndo maana nataka nikuambie wewe zaidi ya mwingine, kwa sababu anayejiamini kwenye maji ndo anayevua jaketi la kuokolea. Mtumbwi wa kule hauna matengo wala mirengu kama ngalawa, ni mwembamba na mwepesi mno, ule wa kevla unaweza kuwa kilo 20 tu ili mtu mmoja aubebe, sasa wepesi huo huo upepo unauchezea. Ukisimama umepinduka. Wewe umezoea kusi na kaskazi, unajua miezi yake unajua saa zake, kule upepo unabadilika ndani ya lisaa, mara nyingi asubuhi ziwa limelala, kuanzia saa tano saa sita mawimbi yanaanza kusimama. Kwa hiyo wanaojua wanaondoka alfajiri, mchana wameshafika kambini. Ziwa kubwa usilikate katikati, fuata ukingo hata kama njia inakuwa ndefu.

Na maji yenyewe ni ya baridi. Barafu inatoka mwishoni mwa Aprili au Mei mwanzoni. Mwezi wa nane ndo afadhali, maziwa madogo watoto wanaogelea vizuri tu, lakini mtu wa Tanga hujawahi kuingia maji ya mwezi wa tano kule, mwili unakakamaa mikono inakataa kushika. Na sehemu za maporomoko ndo hatari kabisa. Mei 2024 watu wawili walikufa pale Curtain Falls mpakani mitumbwi yao ilipovutwa na mkondo ikapita kwenye maporomoko. Walikuwa watu wazima na wazoefu wa kutembea. Sheria ni kwamba ukisikia maji yanaunguruma mbele na ramani inaonesha njia ya kubebea mtumbwi, shuka mapema, bado mbali, usisogee kuangalia.

Uzoefu wako utakusaidia sana kwenye kusoma upepo na kupiga kafi bila kuchoka. Ila jaketi livae muda wote, na watoto wasivue hata wakiwa wanacheza ukingoni.

Ummu_Swabra

Mwanangu Kijana wa Sahare mimi ni mama wa Ngamiani, nipo Minneapolis miaka mingi na watoto wangu nimewapeleka huo msitu mara nyingi tu, tena wengine walikuwa wadogo kuliko hao wa dada yako. Kaka Kafi amekuambia ya wanaume wenye nguvu za kubeba mtumbwi, ngoja mimi nikuambie ya familia.

Mtoto wa miaka sita usimtese na safari ya kuhama kambi kila siku. Hizo njia za kubebea wanazipima kwa rodi, rodi moja ni kama mita tano, sasa shemeji yako akikuambia njia ni rodi 180 ujue anakuambia karibu kilomita nzima ya mawe na mizizi na tope, na mizigo haiishi kwa safari moja, unarudi kuchukua mwingine. Mtoto atachoka, dada yako atachoka, mtagombana. Mimi ningekuwa nyie ningekaa kwenye kambi za magari zilizopo ukingoni pa Boundary Waters, kwa mfano pale Sawbill Lake, mnapita barabara ya kando ya Ziwa Superior mpaka Tofte mnapanda juu na gari. Hema mnaweka hapo, choo kipo, maji yapo, asubuhi mnachukua mtumbwi mnaingia ndani mnashinda jioni mnarudi. Kwa kuingia mchana tu kibali ni cha bure mnajaza wenyewe pale pale mnapoingilia. Cha kulala ndani ndo cha kulipia na kina idadi ya makundi kwa siku, kuanzia tarehe 1 Mei mpaka 30 Septemba, na kundi haliruhusiwi kuzidi watu 9 na mitumbwi 4.

Chakula. Makopo na chupa haviruhusiwi ndani, kwa hiyo yale maharage ya kopo na soda viacheni, hamishieni kila kitu kwenye mifuko au vyombo vya plastiki. Mimi nabeba mchele, dengu, unga wa ugali, tende, nyama niliyoikausha mwenyewe kwa kuwa ya halali kule kwenye maduka ya njiani huipati, kabla hujatoka Duluth nunua kabisa. Dagaa naomba uwaache nyumbani kwa dada yako, harufu yake haifungiki. Maji ya ziwa yanaonekana safi kama kioo lakini yana vidudu vya tumbo, chujeni na chujio lao au chemsheni. Na kutawadha, chota maji kwenye sufuria utawadhe mbali na ziwa, na sabuni msiingize ziwani hata ile wanayosema ya kuoza yenyewe, kuosha vyombo ni huko huko juu mita kama 50. Kibla kutoka kule ni kaskazini mashariki, watu wengi toka nyumbani wanakosea wanaelekea mashariki tu. Na jua linachelewa kuzama, kwa hiyo isha ya mwezi wa nane bado ni ya usiku sana, watoto wataswali magharibi watalala.

Mbu. Mbu wa kule hawaleti malaria lakini mwezi wa sita wanakula mtu na usubi ndo usiseme, mwezi wa nane wamepungua hasa mwishoni. Kupe ndo nakusisitizia. Kuna kupe wadogo sana wanaleta ugonjwa wa Lyme, kila jioni mvue mtoto mkague kichwani, nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti. Suruali ndefu ya rangi nyeupe nyeupe, soksi juu ya suruali. Sisi tunaojisitiri hapo tumeshatangulia.

Usiku baridi, mwezi wa nane hata chini ya nyuzi 10 inafika, na wewe unatoka Tanga. Nguo za pamba zikilowa hazikauki na zinakutia baridi, beba sweta la sufi hata la mtumba, pale Tangamano utapata zuri kwa hela ndogo kuliko dukani huku.

Kijana_wa_Sahare

Shikamoo mama yangu Ummu Swabra, na asanteni sana, nimemsomea dada voisi nzima ya ulichoandika na kwa mara ya kwanza amecheka. Shemeji nae amekubali hilo la Sawbill, anasema alikuwa anawaza safari za ujana wake.

Swali langu la wanyama bado, kuna yule mkubwa mwenye pembe pana, shemeji anasema alipokuwa mdogo walikuwa wanawaona kila safari na siku hizi wamekuwa adimu. Ni kweli? Wamewindwa?

Mtafiti_Mjani

Huyo ni musi (moose kwa Kiingereza), na ni kweli kabisa. Mimi ni mtu wa wanyamapori, nilisomea Mweka na baadae nikapata nafasi ya kwenda kwenye mafunzo huko huko kaskazini ya Minnesota, kwa hiyo hili nalijua na linanigusa.

Mwaka 2006 musi wa kaskazini mashariki ya Minnesota walikadiriwa kama 8,800. Ndani ya miaka kumi wakawa chini ya nusu, na mpaka miaka hii ya karibuni makadirio yanacheza kati ya 3,000 na 4,000 na kitu. Jimbo lilifunga uwindaji wake 2013 na halijafungua tena. Lakini bunduki sio iliyowamaliza. Kuna mnyoo unaishi kwenye ubongo wa swala wa mkia mweupe, swala mwenyewe haumuumizi, anautoa kwenye kinyesi, konokono wanaubeba, musi anakula jani lenye konokono na mnyoo unaingia kwake, na yeye anazunguka zunguka kama mlevi, anapooza, anakufa. Zamani swala hawakuwa wengi huko juu kwa sababu theluji nzito inawaua na msitu ulikuwa mzito. Ukikata msitu, ukipata miaka ya baridi nyepesi, swala wanapanda kaskazini na mnyoo wao. Ongeza kupe wa majira ya baridi, hawa ni wengine sio wale wa mama Ummu Swabra, musi mmoja anaweza kubeba maelfu kwa maelfu, wanamnyonya damu anajisugua kwenye miti mpaka manyoya yanatoka na baridi bado ipo. Theluji ikichelewa kuanguka au ikiwahi kuyeyuka kupe wanafaidi. Na ndama wengi wanaliwa na mbwa mwitu na dubu. Kwa hiyo ukimuuliza mtu nani kamuua musi jibu linapitia hali ya hewa, msitu, swala, konokono na kupe, na ndo maana hakuna dawa ya siku moja.

Sehemu za kumuona, alfajiri au jioni kwenye maji madogo yenye majani, anaingia mpaka kifuani anakula mimea ya ziwani na kupoza mwili, au pembeni mwa barabara ya Gunflint Trail ukitokea Grand Marais. Ukimuona usimsogelee hata kidogo, hasa jike mwenye ndama, yule mnyama ana zaidi ya kilo 300 na akikasirika analaza masikio anakuja. Mimi ningemuogopa huyo kuliko dubu.

Alafu kuna kingine watu hawakitazami, biva (beaver), mnyama wa majini anayeguguna miti. Mkikuta mti umekatwa ukabaki na ncha na vipande vya mbao chini, hiyo kazi ya meno yake. Anaziba kijito kwa matawi na tope, bwawa linatokea, samaki na vyura na ndege wanahamia, musi anakuja kula hapo hapo. Mabwawa mengi madogo yenye majani mtakayopita yametokana na huyo. Kaeni kimya jua linapozama mtamuona kichwa tu kinakata maji, na akiwashtukia atapiga mkia wake bapa kwenye maji, watoto watakumbuka huo mshindo.

Na luni (loon). Ndege mkubwa wa majini, mweusi mwenye madoa meupe na macho mekundu, ndo ndege wa jimbo lao. Analia usiku sauti ndefu inapanda inakatika, mtu asiyejua anaweza kuamka akadhani ni mtu anaomba msaada. Mwambieni dada mapema.

Bwana_Saadani

Mtafiti nimekuelewa na nakubali sikuwa najua hilo la mnyoo. Bado nasema aje aone na ya kwetu, ila huyo musi hata mimi ningependa kumuona. Hivi moto je? Maana kila mwaka tunaona Marekani inaungua.

Mtafiti_Mjani

Moto upo na msitu ule umezaliwa na moto. Kuna aina ya msonobari, koni zake zimefungwa na utomvu mpaka ziunguzwe ndo zinafunguka zinamwaga mbegu. Tatizo ni pale kuni kavu zinapokuwa nyingi. Tarehe 4 Julai 1999 ulipita upepo mmoja uliolaza miti karibu ekari laki 5, watu walikuwa kwenye mahema siku hiyo, ni sikukuu yao, na miaka iliyofuata yale magogo makavu yakawa kuni. 2011 radi ilipiga kwenye eneo la Pagami Creek, moto ukaanza mdogo ukakaa wiki kadhaa, siku moja ya upepo ukakimbia na ukafika zaidi ya ekari 90,000. Sasa hivi ukipita unakuta miti michanga imejaa.

Kwa nyie, kabla hamjaondoka angalieni tangazo la msitu kama kuna katazo la moto, likiwepo mnapikia jiko la gesi tu. Ukiruhusiwa, moto unawashwa ndani ya kile chuma kilichowekwa kambini, sio pengine, kuni zinaokotwa zilizokufa zilizolala chini mbali na kambi, na ukimaliza unamwagia maji unakoroga unagusa na mkono mpaka jivu liwe la baridi. Na radi ikianza tokeni ziwani mara moja.

Kijana_wa_Sahare

Nimeandika yote kwenye daftari. Jumamosi naenda Amani, Msambaa nimekutumia ujumbe. La mwisho wakuu, viatu nivae vipi, na hicho kibali cha kulala ndani tukitaka kuongeza usiku mmoja mimi na shemeji wawili tu bila watoto, bado kinapatikana?

Msambaa_wa_Muheza

Ujumbe nimeuona, karibu sana. Jumamosi uwe stendi ya Muheza saa moja asubuhi na uje na sweta, juu kuna ukungu.

Kafi_Mbili

Viatu vya kulowana. Hutokwepa, kila ukitoka na kuingia mtumbwini unakanyaga maji, watu wa kule wanajali sana hiyo mitumbwi haigusi jiwe, inashushwa ikielea na inapandwa ikielea. Vaa buti zako za zamani zinazomwaga maji na soksi za sufi, na jozi nyingine kavu ibaki kambini.

Kibali vinafunguliwa mtandaoni mwishoni mwa Januari na sehemu maarufu za mwezi wa nane zinaisha mapema, ila watu wanaghairi kila siku kwa hiyo shemeji awe anachungulia asubuhi na jioni, ajaribu kuingia Jumatatu mpaka Jumatano sio wikiendi. Kila mtu mzima analipia safari nzima na kuna ada ndogo ya kuhifadhi nafasi. Mkikosa Sawbill msiking'ang'anie, kuna maingilio mengine kadhaa kwenye barabara ile ile na yenye watu wachache. Na kama mnataka kuvua samaki leseni ya jimbo ni lazima kwako wewe mgeni, inanunuliwa hata dukani Tofte au mtandaoni, usipige ndoano bila hiyo.

Mwambie shemeji aanze kuangalia leo, tarehe ya kuingia ikipatikana ndo mpange na lile la kukodi mtumbwi.